Kusoma digrii onlaini ukiwa Rungwe, Makete au Mafinga, na jinsi ya kufika mwisho

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na wengine wote habari za saa hizi. Hii naiandika kwa ajili ya mtu mmoja hasa, yule mwalimu au nesi au mtendaji wa kijiji au mama mwenye duka lake huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambaye amepata chuo cha kusoma kwa mtandao, kashalipa awamu ya kwanza ya ada, na sasa kakaa na simu mkononi hajui anaanzia wapi. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Rungwe, digrii yangu nimeisoma hivyo hivyo nikiwa kazini, na watoto wawili na shamba la viazi, na toka nimemaliza huwa kila msimu wa kuanza masomo nakaa na wenzangu wapya tunaanza nao wiki za mwanzo pamoja.

Mwaka wetu tulioanza kwenye grupu letu hatukufika hata nusu yetu kwenye siku ya kuvaa joho. Na nakwambia kweli kabisa, katika walioishia njiani simkumbuki hata mmoja aliyeondoka kwa sababu kichwa kilikuwa kizito, wengine walikuwa wananifundisha mimi takwimu. Waliondoka kimya kimya. Chuo cha onlaini hakina geti, hakuna kitanda kitakachobaki kitupu bwenini, hakuna wa kuuliza mbona fulani haonekani, mtu anaweza kukaa miezi miwili anajiita mwanafunzi kumbe alishaacha na mwenyewe hajajua. Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa chini yanakwenda sehemu moja tu, kupanga mambo yako ili ukianza kupotea awepo mtu wa kuona.

Kabla hujalipa

Kama bado hujalipa, hakiki chuo na hakiki na programu yenyewe ya masomo, sio jina la chuo tu. Kwa digrii ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa cheti na diploma za vyuo vya kati ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Ukitaka chuo cha nje kabisa, ulizia TCU mapema kama hiyo digrii wataitambua, maana ukishamaliza miaka mitatu ndo ukaanza kuuliza, hiyo ni hela na umri wako umeenda. Na usimsikilize anayekwambia digrii ya masafa sio digrii. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, kabla hata hatujaijua intaneti, watu walikuwa wanasoma kwa vitabu vya posta, na Open University ya Uingereza ipo toka 1969. Njia hii sio ya jana.

Halafu uliza mtihani wa mwisho unafanyiwa wapi. Watu hawaulizi hili. Unasoma onlaini mwaka mzima afu UE, yaani huo mtihani wa mwisho, unaambiwa ufike kituoni, sasa kama we uko ndani ndani Makete au Ludewa piga hesabu ya nauli, gesti siku ngapi, chakula, na ruhusa kazini. Hiyo iweke kwenye bajeti yako kama sehemu ya ada, usiiache ikukute.

Nyumbani ndo pa kuanzia

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Huku kwetu ukishika kitabu watu wanajua unasoma, ukishika simu wanajua unachati. Miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nimekaa jikoni na simu nasoma PDF, mama mkwe ananiita mara nne kwa nusu saa, njoo uangalie moto, njoo umpokee mgeni, na sikuwa na haki ya kumlaumu maana machoni pake nilikuwa mtu aliyekaa anachezea simu. Nikabadilisha. Nikachukua meza ndogo, nikaiweka chumbani upande wa dirisha, nikatandika kitenge, nikaweka daftari kubwa na kalamu, simu nimeisimamisha mbele yangu. Wiki haikuisha nikamsikia anawanyamazisha watoto nje, "mama yenu anasoma huyo." Sikuwa nimeongeza chochote kwenye masomo, ila sasa nilikuwa naonekana.

Kwa hiyo kabla ya wiki ya kwanza itisha kikao. Mume au mke, wakwe kama mnakaa nao, dada wa kazi kama yupo, na watoto wakubwa. Usiseme "nimeanza kusoma mnisaidie", hiyo haimwambii mtu afanye nini. Sema masaa. Jumanne na Alhamisi saa 3 hadi saa 5 usiku, Jumamosi saa 1 hadi saa 4 asubuhi, muda huo mimi sipo, kama ambavyo ningekuwa chuo Mbeya mjini nisingekuwepo. Sema nani atashika nini muda huo. Andika kwenye karatasi bandika ukutani. Na kazini pia mwambie mkuu wako mapema, mpe na ratiba ya mitihani siku ikitoka, usimpelekee ombi la ruhusa Ijumaa kwa mtihani wa Jumatatu. Kina mama wenzangu hili nawasisitizia zaidi, kwa sababu masaa ya mwanaume kusoma yanaheshimiwa yenyewe ila ya kwetu yasipotajwa kwa sauti yanaliwa na vyombo na nguo.

Na uangalie kalenda ya shamba. Huku mvua zinaanza Novemba, tunapanda, Desemba na Januari ni palizi, na hapo hapo semista ya kwanza ndo imekolea na asainimenti zinadai. Sio bahati mbaya kwamba watu wengi wanapotea kipindi hicho. Ukiweza tenga kabisa hela ya kibarua wa palizi toka Oktoba, uihesabu ni hela ya chuo. Usipoweza basi wiki mbili za mwanzo za semista, wakati wengine bado wanasalimiana kwenye grupu, we shusha madesa yote, yaani notisi za somo, na uanze asainimenti ya kwanza.

Bando, mtandao na umeme

Hesabu rahisi kwanza. Video ya saa moja ukiiangalia kwa ubora wa 1080p inaweza kula GB 1 na nusu na zaidi, hiyo hiyo ukishusha ubora hadi 144p inacheza kwenye MB 100 hivi au pungufu, na mhadhara wa sauti tupu wa 64 kbps saa nzima ni kama MB 29 tu. Desa la PDF la maandishi matupu kurasa arobaini mara nyingi halifiki MB 2. Sasa kama mhadhiri anaongea tu mbele ya slaidi hamna cha maana cha kuona kwenye 1080p, shusha ubora, au omba sauti na slaidi. Kwenye Zoom zima kamera yako, na kama mtandao unasuasua nenda kwenye mpangilio wa kuzuia video za wengine zisiingie, ubaki na sauti.

Vyuo vingi vinatumia Moodle, ule mfumo wa mtandaoni wa kuwekea masomo na kukusanyia kazi, hata kama kila chuo kimeipa jina lake. Watu wanaifungulia kwenye brauza kila siku na kulipa bando lile lile mara mbili mbili, wakati ipo programu yake ya simu, unaingiza anwani ya chuo chako, unashusha kozi nzima sehemu yenye mtandao mzuri afu unasoma nyumbani bila bando. Hata baadhi ya majaribio mwalimu akiruhusu unaweza kuyafanya bila mtandao, majibu yanapanda ukishaupata. Mi nilikuwa nashusha madesa ya wiki nzima Jumapili alfajiri kwa bando la usiku kabla halijaisha, afu wiki nzima sisumbuki.

Mtandao wenyewe tafuta kilipo. Milima yetu hii, bondeni simu inaandika hakuna huduma, ukipanda mita mia mbili kwenye mgongo wa kilima inashika vizuri tu. Chukua siku moja zunguka na laini mbili za kampuni tofauti, kwa jirani, shuleni, kanisani, ujue pako ni wapi na saa ngapi, maana jioni watu wote wakirudi nyumbani inakuwa nzito. Na msimu wa mvua radi zikianza mchana umeme unaweza kuondoka ukarudi kesho yake, hivyo chaji kila kitu asubuhi na powabanki iwe imejaa kila ikifika Jumatano, usiisubiri siku ya testi.

Kazi yako tuma siku moja kabla. Ukishatuma piga picha ya skrini panapoonyesha imepokelewa, na tarehe na saa ionekane. Kuna mwaka niliwekewa sifuri kwenye kazi niliyotuma, chuo kikasema haipo, na kilichoniokoa ni ile picha. Nakala nyingine ya kazi jitumie kwenye baruapepe yako, simu zinaanguka kwenye maji na memori kadi zinakufa.

Saa za Kiswahili na saa za kompyuta

Hii ndogo lakini imewaangusha watu wazima na akili zao. Mwenzetu mmoja aliona testi iko 2:00 PM, kichwani akaandika saa 2, asubuhi yake akaingia hakukuta kitu, akajua imeahirishwa, akaenda shamba. Ilikuwa saa 8 mchana. Mwingine kinyume chake, 8:00 PM akaisoma saa nane mchana wakati ni saa 2 usiku.

Baya kuliko yote ni saa sita usiku. Ukiona mwisho wa kutuma ni Ijumaa 00:00, hiyo kwa lugha yetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, maana yake Alhamisi ukishalala hiyo nafasi imeenda, Ijumaa mchana unapoanza kumalizia hitimisho mlango umeshafungwa masaa mengi. Ukiona Ijumaa 23:59, hiyo ni saa 5:59 usiku Ijumaa yenyewe. Kwa hiyo kila tarehe ikitoka iandike upya kwenye daftari kwa maneno yako, siku gani, usiku wa kuamkia nini, saa ngapi ya Kiswahili, afu soma kwa sauti kwenye kikundi mwenzako akusahihishe.

Anayesoma chuo cha nje aangalie na tofauti ya saa. 23:59 ya Afrika Kusini huku kwetu ni saa 6:59 usiku. 23:59 ya Uingereza kipindi chao cha baridi ni saa 8:59 usiku huku, na kuanzia mwisho wa Machi wakisogeza saa zao mbele inakuwa saa 7:59, wanarudisha mwisho wa Oktoba. Kwenye Moodle ingia wasifu wako uhakikishe umeandikwa Dar es Salaam kwenye ukanda wa saa, itakubadilishia yenyewe.

Namna ya kupiga msuli peke yako

Kusoma kwenye skrini kunadanganya. Unaangalia video, mhadhiri anaeleza vizuri, kila kitu kinaingia, unafunga unajisikia umeelewa, kesho hamna kitu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilifanyia majaribio hili wakatoa matokeo 2006, waliorudia rudia kusoma walikumbuka zaidi ukiwauliza baada ya dakika tano, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki waliokuwa wamejipima kwa kuandika wanachokumbuka ndo waliowazidi. Na UE haiji baada ya dakika tano. Kwa hiyo soma kurasa tano, funga simu, andika kwenye daftari yote uliyobaki nayo, afu fungua uone ulichoruka. Inauma na inachosha kuliko kusoma tu, fanya hivyo hivyo.

Na ongeza hii, andika kwa Kiswahili kwanza. Madesa ni ya Kiingereza na wengi tunakariri sentensi bila kujua zinasema nini, ukijilazimisha kuieleza kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa kwa bibi yako kama yupo tayari kukusikiliza, utajua papo hapo kama umeelewa au ulikuwa unapita juu juu. Kikishakaa ndo ukirudishe kwenye Kiingereza cha mtihani.

Kikundi cha watu wanne

Lile grupu la WhatsApp la kozi lenye watu mia mbili lina kazi yake, matangazo na kuulizana linki, ila halitakuona ukipotea. Unda la watu wanne, wakizidi sana watano, mnaosoma kozi moja na mkiweza mnaokaa njia moja, wa Tukuyu na Kiwira na Uyole pamoja, au wa Mafinga na Makambako. Sisi tulikuwa na sheria mbili tu. Kila Jumapili jioni kila mtu anatuma sauti ya dakika mbili, nimesoma nini na nimekwama wapi, hata kama hujasoma kitu unatuma unasema sijasoma. Na ya pili, asiyetuma, Jumatatu anapigiwa simu. Anapigiwa, sio ujumbe, maana ujumbe utaachwa na tiki mbili za bluu.

Profesa mmoja aliyefundisha Marekani, Michael G. Moore, alishaandika miaka mingi kwamba umbali katika elimu ya masafa sio kilomita tu, ni pengo la kuelewana na mawasiliano kati ya mwanafunzi na mwalimu. Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu kidogo, kwa sababu nina rafiki aliyesoma mjini kabisa darasani watu mia nne na hakuwahi kuongea na mhadhiri hata mara moja, wakati mimi huku kwenye migomba nilikuwa na watu watatu wanaojua hadi sura gani nimekwama. Mara moja kwa mwezi mkutane uso kwa uso. Sisi tulikuwa tunakutana Uyole Jumamosi ya kwanza, kila mtu na nauli yake, masaa matatu, maswali ya miaka ya nyuma tu.

Akili mnemba na wauza asainimenti

Toka ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022 kila anayeanza ananiuliza kama anaweza kuitumia. Soma kwanza kanuni za chuo chako na za kila mwalimu, hazifanani. Mi naona inafaa kuwa mtu wa kukuuliza maswali, iambie nipime kwenye mada hii swali moja moja, au nieleze dhana hii kwa mfano wa shamba la viazi. Kukuandikia kazi ni kitu kingine, umelipa ada na mashine ndo imesoma. Na inatunga marejeo, inakupa jina la mwandishi, mwaka, jarida, vyote vimepangwa vizuri na hiyo makala haipo duniani, ukiweka kwenye kazi yako bila kuitafuta na kuifungua mwenyewe aibu ni yako.

Wale wanaotangaza kwenye magrupu "asainimenti elfu kumi tu" wanauza kazi moja kwa watu sita. Mkiikusanya wote kwenye chuo kimoja inaonekana. Na usimpe mtu nywila yako hata akiwa ndugu, ukishampa akuingilie testi moja umekuwa mikononi mwake.

Neno kwa wahadhiri

Najua baadhi yenu mnasoma haya. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa korona na kufunguliwa Juni, wengi waliokuwa na mtandao walionja mhadhara wa masaa mawili uliohamishwa kwenye Zoom kama ulivyo, wakasema onlaini haifai. Ile ilikuwa dharura. Somo la onlaini linapangwa toka mwanzo. Utafiti wa Guo na wenzake wa 2014 uliopitia mamilioni ya vipindi vya kuangalia video za edX, jukwaa la kozi za onlaini, ulikuta watu wanaangalia kama dakika sita za mwanzo, iwe video ndefu au fupi. Basi tukatieni vipande vifupi, tuwekeeni na sauti na PDF, msitulazimishe kamera wengine tuko jikoni, andikeni siku na saa ya mwisho kwa maneno, na kazi ikikusanywa rudisheni maoni kabla hatujaandika nyingine. Hata mistari mitatu, mtu akisomewa kazi yake anajua yupo.

Ukiwa umeshabaki nyuma

Itatokea. Mtoto ataumwa, msiba utakuja, utaruka wiki tatu. Usijifiche kwenye grupu. Mwandikie mwalimu wa kozi leo, ujumbe mfupi, nilikuwa na hili, nimerudi, nianzie wapi. Kama mambo ni makubwa omba kwa barua kuahirisha semista, vyuo vina utaratibu huo, ila barua iende kabla ya UE. Mwanafunzi aliyeahirisha kwa barua ana pa kurudia, aliyepotea tu atakutana na sapu, yaani kurudia mtihani, au kudisko, yaani kuondolewa chuo.

Kuna mwenzetu mmoja kwenye kile kikundi chetu cha wanne, mwaka wa pili mwezi Januari, Jumapili mbili hakutuma sauti na simu akawa hapokei. Jumamosi tukapanda daladala tukamfuata kwake bila kumwambia. Tulimkuta shambani anapalilia mahindi peke yake, alipotuona akaanza kulia, akasema alishajitoa moyoni ila alikuwa anaona aibu kutuambia. Hatukumwambia kitu, tukashika majembe tukapalilia naye mpaka saa 6. Mchana tukakaa chini ya mparachichi, tukala ndizi, tukafungua Moodle kwenye simu yake. Asainimenti mbili zilikuwa zimeshapitwa, moja ilikuwa imebakiza siku nne. Tukaanza na hiyo.